Makovu Yana Maelezo: Tuyaulize kwa Heshima

Hakuna miili miwili iliyo sawasawa. Hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili huzaliwa na alama tofauti za vidole. Kisha maisha huongeza alama zake: kovu la chanjo ya kifua kikuu, la moto wa jikoni, la panga, la kisu cha upasuaji. Kwa maoni yangu, alama hizi ni sehemu ya historia ya ugonjwa kama yalivyo maelezo ya homa na maumivu. Tunaipoteza historia hiyo kwa sababu watoa huduma hatuulizi, au twauliza kwa dharau, na wagonjwa huficha kwa aibu.

Zitazameni chale. Chale za tumboni, chini ya mbavu za kushoto, huonyesha mahali ambapo familia iliona tatizo. Hapo ndipo ilipo bandama, ambayo huvimba kwa malaria ya kujirudia, kichocho au selimundu. Mama anayekemewa kwa sababu ya chale za mwanawe hatatuambia maumivu yalianza lini, wala kama wembe uliotumika ulichangiwa na wengine. Nasi twahitaji kujua, kwa kuwa wembe wa kuchangia waweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kovu la upasuaji wa uzazi nalo lisifichwe. Wako kina mama wanaolinyamazia ili waruhusiwe kujifungulia karibu na nyumbani. Lakini mfuko wa uzazi uliowahi kupasuliwa waweza kuchanika wakati wa uchungu, na kovu la ngozi halisemi yote: mkato wa mlalo kwenye ngozi waweza kufunika mkato wa wima kwenye mfuko, ambao ni wa hatari zaidi. Hivyo mama aitunze kadi yake ya upasuaji na aionyeshe kila anapohudhuria kliniki.

Hapa Mugumu na katika wilaya jirani ya Tarime lipo kovu zito kuliko yote, la ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na mji wetu una nyumba salama inayowapokea wanaokimbia. Hata hivyo, waliokwisha kukeketwa hujifungua katika wodi zetu. Kovu lao halinyumbuki vyema. Laweza kuchelewesha mtoto kutoka na kusababisha kuchanika na kuvuja damu. Mkunga anapaswa kujua mapema ili ajiandae. Lakini akishangaa kwa sauti na kuwaita wenzake waje kutazama, mwanamke huyo huenda asirudi kwa ujauzito unaofuata.

Kwa wagonjwa nasema: msijitibu alama zenu gizani. Kidole cha sita cha mtoto mchanga kisifungwe uzi nyumbani, kwani chaweza kuwa na mfupa ndani yake. Keloidi, yaani kovu linaloota kupita mipaka ya jeraha, mara nyingi hurudi kubwa zaidi likikatwa tu bila tiba ya nyongeza. Ukiwa nalo, mweleze daktari kabla ya upasuaji wowote.

Kwa watoa huduma wenzangu, swali moja latosha, likiulizwa faraghani na kwa sauti ya upole: “Alama hii uliipata lini, na ilikuwaje?” Kisha tunyamaze, tusikilize, na tuandike jibu kwenye faili.