Mawalii na Wanaowazuru

Na Athumani Mbaruku

Mwezi wa Mfungo Sita unapokaribia kwisha, na mashua zinapoteremsha wageni gatini Lamu kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, hufufuka pia yale mabishano ya kale baina ya wanaolizuru kaburi la Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti huo, na wale waonao kwamba kumwendea maiti kwa haja ni kuitia doa tauhidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyashughulikia mambo hayo Mombasa katika gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, wala hofu yake haikukosa msingi, kwani mja aombaye kaburini jambo asiloweza kulitoa ila Mola amekwisha kupotea njia.

Lakini nionavyo mimi, pande zote mbili hulikodolea macho kaburi zikamsahau aliyelazwa humo. Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl aliyetoka Ngazija, alikuwa mtu wa tiba na wa elimu, naye aliketi kuwasomesha hata wana wa watumwa, ambao waungwana wengi wa mji hawakuona haja ya kuwafungulia kitabu. Tena akaruhusu matari yapigwe katika kumsifu Mtume, jambo lililowaudhi wakubwa wa wakati ule. Alipofariki mwaka 1935 hapakuwa na kadhi wala baraza la maulamaa lililokaa kumpa uwalii. Walimpa wale waliosomeshwa naye.

Hata kwa wenzetu Wakatoliki ndivyo ilivyokuwa zamani: watu wa mahali pamoja na askofu wao ndio waliomtukuza marehemu, hadi Papa Gregory IX, mwaka 1234, alipoitia katika sheria za Kanisa kanuni kwamba hukumu hiyo ni ya Papa peke yake. Ndiyo maana mashahidi 22 wa Uganda, waliouawa zama za Kabaka Mwanga, walingoja muhuri wa Roma hadi 1964, ilhali Waanglikana, wasio na utaratibu kama huo, huwakumbuka wa kwao papo hapo Namugongo. Na huko Maghribi yako makaburi yaliyozuriwa na Mayahudi na Waislamu pamoja, kila mmoja akishikilia kwamba walii ni wa dini yake. Nami sioni nani angewaamua.

Basi mwenye kuipinga ziara ya Lamu, na anayo haki ya kuipinga, kwanza atueleze ni nani mwingine aliyewafungulia darsa wale wana wa watumwa. Nimewasikiliza wengi wa wapinzani hao, na wanapofika kulitaja jina la marehemu Sheikh Al-Amin hupunguza sauti, humrehemu, kisha huyanukuu maneno yake kwa unyenyekevu ambao watu wa Riyadha wangeutambua mara moja.