Kabla ya kupanda boti, tulipita studio

Mtoto wa dada yangu ana miaka 6. Amezaliwa na kukulia Mwanza, lakini mpaka mwezi uliopita alikuwa hajawahi kupanda boti. Si kwamba hakupelekwa. Alipelekwa mara mbili hadi Capri Point, zinakoondokea boti za kwenda Kisiwa cha Saanane, na mara zote mbili aling'ang'ania nguo ya mama yake akilia mpaka watu wakageuka kutazama. Mara ya pili dada yangu alirudi nyumbani amekasirika, hela ya kiingilio ikiwa imeshalipwa.

Jioni yake nilimuweka karibu nikamuuliza taratibu anaogopa nini. Akanijibu bila kusita: "Mama mdogo, meli inazama kila siku. Mimi nimeiona."

Alikuwa ameiona kweli. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mtoto huyu alikuwa bado hajazaliwa. Lakini kila ikifika Septemba picha zile zinarudi, kwenye taarifa ya habari na kwenye makundi ya simu, na kwa bibi yake televisheni haizimwi kuanzia asubuhi. Bibi mwenyewe anaikumbuka MV Bukoba ya Mei 21, 1996, kwa hiyo picha hizo zikija hanyanyuki kwenye kiti. Mjukuu naye anakaa hapo hapo chini, anatazama.

Sisi watu wazima tukiona picha hizo tunasema, "Jamani, ile ajali." Yeye alikuwa anaona ajali ya leo, na ya jana, na ya juzi.

Naandika habari za afya, hivyo nilipaswa kuligundua mapema. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, wataalamu wa watoto waliwaonya wazazi juu ya jambo hili hili: mtoto mdogo akiona picha moja ikirudiwa rudiwa anaweza kudhani tukio linatokea upya kila inapoonyeshwa. Kumwambia "usiogope, ni televisheni tu" hakusaidii, kwa sababu hajui televisheni ni nini. Kwake ni dirisha, na anachokiona kinatokea nje ya dirisha sasa hivi.

Ndipo nikapata wazo. Kabla ya kumrudisha kwenye boti, nimpeleke picha zinakotengenezwa.

Studio si za Marekani peke yake

Ukitaja ziara ya studio, wengi wanafikiria Universal Studios ya Hollywood, ambako wageni wamekuwa wakizungushwa kwa magari maalumu tangu mwaka 1964, au studio za Harry Potter nje kidogo ya London zilizofunguliwa kwa wageni mwaka 2012. Huko unanunua tiketi, unapiga picha, unanunua fulana na kurudi nyumbani.

Sisi hatuna vitu hivyo, lakini tuna studio. Mwanza ni mji wa utangazaji tangu zamani. Star TV na Radio Free Africa zilianzia hapa hapa na zikasikika nchi nzima, na vipo vituo vingine vya redio na watengenezaji wadogo wa filamu na video za muziki. Tofauti ni kwamba studio zetu ni ofisi za kazi. Huwezi kutokea tu na watoto watano na mfuko wa karanga.

Nasema hivyo kwa sababu nililifanya kosa hilo mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilimpeleka Jumatatu asubuhi kwenye kituo kimoja bila miadi, nikiamini kitambulisho changu cha uandishi kitafungua geti. Hakikufungua. Mlinzi alikuwa mpole lakini hakuyumba, na mtoto akarudi nyumbani akiwaambia wenzake kwamba televisheni ina geti na halifunguliwi.

Mara ya pili tulikwenda kituo kingine, tukiwa tumejipanga. Haya ndiyo niliyojifunza.

Andika barua au ujumbe wiki mbili kabla. Taja idadi ya watoto, umri wao na simu ya mzazi. Mkiwa familia mbili tatu, au mkipitia shule, mnasikilizwa haraka zaidi kuliko mtu mmoja.

Omba muda ambao hakuna taarifa ya habari. Saa moja kabla ya habari kila mtu studio anakimbia, na mtoto atakachojifunza ni kufokewa tu. Sisi tulipewa saa 4 asubuhi, na nusu saa ilitutosha.

Beba sweta. Studio nyingi zina viyoyozi vikali kwa ajili ya mitambo, na mtoto aliyetoka kwenye jua la Mwanza atatetemeka. Kama ana pumu, usisahau dawa yake. Kama ana kifafa, waambie wenyeji mapema na uulize kuhusu taa zinazomulika na kuzimika.

Mpe chakula na mpeleke chooni kabla ya kuingia. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni, hakuna kutoka wala kuongea.

Mwisho, mwambie mwenyeji wako ukweli kuhusu mtoto. Mimi nilimwambia mhariri wa video kwa simu kwamba huyu anaogopa picha za meli, na nikamuomba asimwonyeshe picha yoyote ya ajali. Alinielewa. Naye ana watoto.

Umepita mara ngapi?

Kilichomfurahisha kwanza ni kitambaa cha kijani ukutani. Mtangazaji wa hali ya hewa alisimama mbele yake akionyesha kwa mkono mahali ambapo hapakuwa na kitu, ilhali kwenye skrini ya pembeni mkono wake ulikuwa unagusa ramani ya Tanzania. Kompyuta inaondoa rangi ya kijani na kuweka ramani mahali pake. Mtoto akaenda nyuma ya kitambaa kuitafuta Tanzania. Hakuiona.

Kisha mhariri akamwambia apite mbele ya kamera, kutoka mlangoni hadi dirishani. Akapita akiwa amejikaza kama askari. Mhariri akamkalisha kwenye kiti chake, akamwonyesha picha yake akipita. Akairudisha, akamwonyesha tena. Akairudisha tena.

"Umejiona mara ngapi?"

"Tatu."

"Na umepita mara ngapi?"

Mtoto alinyamaza. Akautazama mlango, akalitazama dirisha. "Mara moja."

"Basi. Ukiniona narudisha picha, hakuna mtu anayepita tena. Ni picha ndiyo inayorudi."

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza mwenyewe, bila mtu kumchokoza: "Na ile meli?"

Mhariri alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akamwambia: "Ilizama kweli, mwanangu. Watu walikufa, na sisi tulilia. Ilikuwa mara moja, wewe hujazaliwa. Tunaionyesha ili watu wasisahau na wawe waangalifu."

Sijawahi kusikia daktari akieleza jambo vizuri kuliko hapo. Hakusema meli haikuzama, wala hakumwambia aache woga. Alimwambia ukweli kwa kipimo anachoweza kukibeba.

Kutoka studio hadi ziwani

Familia ikitaka kuifanya hii kuwa siku nzima ya matembezi, Mwanza inaruhusu. Ukitoka studio, pita kwenye Jiwe la Bismarck. Kila picha ya Mwanza kwenye televisheni huwa nalo, na watoto wakilikuta hapo ndani ya maji wanashangaa kwamba ni lile lile. Mpe mtoto simu, mwambie alipige picha bila kuonyesha vivuko wala watu. Kisha alipige tena pamoja navyo. Picha mbili, mahali pamoja, habari tofauti. Hapo ameshaelewa kwamba kuna mtu anayechagua sisi tuone nini.

Kwa vijana wa sekondari zoezi hili linaweza kwenda mbali zaidi. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, kuhusu biashara ya minofu ya sangara, ilipigwa hapa Mwanza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006 kwamba imeichafua nchi. Ina mambo mazito, haifai kabisa kwa wadogo. Lakini kijana wa miaka 17 anaweza kuitazama na mzazi wake na kujadili: kipi ni kweli, kipi kimeachwa nje ya picha?

Mkiwa na siku mbili na gari, barabara ya Musoma inawafikisha geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Hifadhi hiyo ilijulikana sana duniani kwa sababu ya filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ya mwaka 1959, iliyopata Oscar. Michael alikufa kwenye ajali ya ndege Januari mwaka huo wakati kazi ikiendelea, akazikwa Ngorongoro. Mtoto anayependa filamu za wanyama ajue kwamba kuna watu waliozihangaikia.

Sisi tulichagua Saanane, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunadaiwa. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2013. Tangu 1964 ilikuwa bustani ya wanyama. Boti inatumia dakika chache tu kufika. Beba kitambulisho cha taifa na uulize mapema namna ya kulipia.

Kwenye gati mtoto alisimama. Nilidhani tumerudi kule kule. Kumbe alikuwa anahesabu jaketi okozi. Akamuuliza nahodha: "Zinatosha watu wote?" Nahodha akamwambia ahesabu watu. Akahesabu watu, akahesabu jaketi, akaridhika, akavaa lake.

Hapo nilijifunza na mimi. Woga wake haukuwa wa kijinga wote. Ziwa hili limetuchukulia watu wengi, mara nyingine kwa sababu chombo kilijaza kupita uwezo wake na hakuna aliyekataa kupanda. Mtoto anayehesabu jaketi kabla ya kupanda ana akili kuliko watu wazima wengi ninaowaona wakikalia jaketi kama mto. Hofu ya kila siku ilikuwa inamnyima usingizi. Tahadhari ni kitu kingine, na hiyo naomba abaki nayo.

Jambo moja la afya kabla sijasahau: msiwaache watoto wacheze kwenye maji ya ufukweni, hata yakiwa yanaonekana safi. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Wacheze nchi kavu, wafukuze pimbi kwa macho. Na mkila sato, mzazi atoe miba kwanza.

Bila studio, tumia simu

Najua wengi mnaosoma hapa hamko karibu na kituo chochote cha televisheni. Lile zoezi la mhariri linahitaji simu tu. Mrekodi mtoto akipita sebuleni. Mwonyeshe mara tatu. Muulize amepita mara ngapi. Ukimaliza, nenda naye kwenye kile kinachomtisha, iwe ni mafuriko, moto au zimwi la filamu, na mweleze kama kilitokea kweli, lini, au kama ni mtu aliyepakwa rangi.

Na punguza muda wa kutazama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Taarifa ya habari yenye ajali si ya kuachwa ikiendelea huku watoto wanacheza sakafuni. Wanasikia, wanaona, na hawaulizi.

Kwa bibi nako tumekubaliana. Ikianza taarifa ya habari, mjukuu anakwenda jikoni kusaidia kutenga vyombo. Bibi alicheka, akasema yeye aliiona televisheni kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye watoto, maana Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, na hata yeye siku hizo alikuwa akiitikia mtangazaji akisema habari za jioni.

Safari ya kurudi kutoka Saanane, mtoto aliushika mkono wangu mpaka tukafika gati. Sikumwambia aachie. Aliposhuka tu akasema anataka kwenda Ukerewe kwa meli kubwa. Nimemwambia tutakwenda, na kwamba kazi ya kuhesabu jaketi ni yake.