Waliofeli Law School Waende Wapi?

Matokeo yaliyosambaa Oktoba 2022 yalizua kelele nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633 wa Law School of Tanzania, taasisi anayopitia mwenye shahada ya sheria ili awe wakili, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 wakafeli kabisa. Dk. Damas Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze chanzo. Mitandaoni na vijiweni watu wakagawanyika kambi mbili: huku wanavilaumu vyuo vikuu kwa kupitisha vijana ambao hawajaiva, kule wanailaumu taasisi kwa kukamia kufelisha. Lililopita kimyakimya ni swali la hao 265. Shahada zao ni halali. Waende nazo wapi?

Jibu linalozoeleka ni warudi, walipe ada, wakae tena kwenye mtihani mpaka kieleweke. Nalielewa. Mzazi aliyeuza shamba la Kagera au ng'ombe wa Shinyanga ili mwanawe awe wakili hataki kusikia kwamba binti yake sasa ni ofisa rasilimali watu. Ndugu wanasubiri joho la uwakili. Lakini kwa watu wengi wenye shahada hii joho si njia kuu, na haitakuwa, hata mtihani ukilegezwa kesho asubuhi. Tatizo ni kwamba tunawafundisha wote kana kwamba wataishi kwa kusimama mbele ya jaji.

Haikuanza hivi. Kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, nchi ilikuwa na njaa ya wasomi, na wahitimu wake wakachukuliwa na serikali, mashirika ya umma na siasa. Joseph Warioba alitoka pale akafika uwaziri mkuu. Jenerali Ulimwengu alisoma sheria pale pale, tukamjua kwa kalamu yake ya uandishi wa habari. Hakuna aliyewaona kuwa wamepotea njia. Leo vyuo vinavyotoa shahada hiyo ni vingi, ajira ya serikali inagombewa, na tangazo la nafasi ya hakimu au wakili wa serikali hutaka mtu aliyekwishapita Law School.

Sasa, sina uvumilivu na wanaowafariji vijana kwa kauli kwamba sheria ni msingi wa kila kitu. Waajiri hawaajiri msingi. Wanaajiri mtu anayeweza kufanya kazi fulani Jumatatu ijayo. Kwa hiyo tuzitaje kazi zenyewe.

Ya kwanza, taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo na ziwe na ofisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo. Hapo zimo benki, hospitali, shule, kampuni za simu na za mikopo ya mtandaoni. Kazi hii haidai muhuri wa uwakili. Inamdai mtu anayeweza kuusoma mfumo wa kompyuta na kifungu cha sheria kwa pamoja, na watu hao ni wachache.

Ya pili ni migogoro ya kazi. Watu wengi hawajui kwamba mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, mfanyakazi aliyefukuzwa anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi au na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, si lazima wakili. Chama cha wafanyakazi chenye kijana mmoja aliyesoma sheria vizuri kina nguvu kuliko chenye viongozi kumi wa kupiga makofi kwenye Mei Mosi. Hata upande wa mwajiri, idara ya rasilimali watu inayojua utaratibu wa haki wa kumwachisha mtu kazi huiokolea kampuni fidia nzito.

Lakini eneo ninaloliona tajiri kuliko yote ni Kiswahili. Februari 2021, Zephrine Galeba, aliyekuwa Jaji wa Mahakama Kuu Musoma, alipandishwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Fikiria kazi iliyofuata: sheria na kanuni za miaka mingi, nyaraka za mahakama, mikataba ya benki, masharti ya bima, sheria ndogo za halmashauri. Yote hayo yanahitaji mtu anayejua sheria na anayeweza kuandika sentensi ya Kiswahili isiyo na mashimo. Mtafsiri asiyejua sheria atapotosha, na mwanasheria asiyeweza kuandika ataboronga. Na vyuo vyetu? Vinaendelea kufundisha sheria kwa Kiingereza, halafu vinamwachilia mhitimu ambaye hawezi kumwandikia mama muuza samaki wa soko la Feri mkataba wa mkopo akauelewa.

Kuna hatari ya kusemwa waziwazi. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kujifanya wakili au kuandaa hati fulani kwa malipo. Hapo ndipo wanapozaliwa vishoka, wale wa mlango wa nyuma wenye mihuri ya kuazima, na baadhi yao wana shahada kweli. Anayeingia kwenye kazi hizi lazima aujue mpaka huo na asiuvuke. Tena nyingi zitamtaka aongeze kitu: cheti cha usuluhishi, ujuzi wa kodi, ununuzi wa umma, au mwaka mzima wa kuanzia chini kwa mshahara mdogo. Asiye na familia ya kumshika mkono kwa mwaka huo atapata taabu, na hilo vyuo haviwezi kulifuta kwa semina ya ajira ya siku moja.

Vinachoweza ni kumwambia mwanafunzi ukweli katika mwaka wa kwanza, si wa nne. Viweke kwenye mitaala uandishi wa mikataba kwa Kiswahili na mafunzo ya vitendo CMA, benki na halmashauri, si mahakamani peke yake. Vichapishe kila mwaka wahitimu wao wako wapi na wanafanya nini, ili mzazi ajue anacholipia kabla hajauza ng'ombe. Chuo kisichoweza kutoa orodha hiyo kipunguze idadi ya wanafunzi wa sheria kinaowadahili.