Njiti za Kiberiti na Fahamu za Mzee
Kipimo mashuhuri cha fahamu cha Folstein cha mwaka 1975, chenye alama 30, humtaka mtu asome sentensi na kuandika nyingine, nacho kwa bibi asiyepata kukalia dawati la skuli ni dhuluma, kwani upungufu wa elimu hudhaniwa kuwa upungufu wa akili. Kwa hiyo nawashukuru kwa dhati waliotunga, kwa utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kipimo cha sehemu sita tu, ambacho, pamoja na mengine, humwomba mzee apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, ataje wanyama kadiri awezavyo, na akumbuke maneno kumi aliyosomewa hapo kabla. Hakithibitishi maradhi ya Alzheimer, la hasha. Humwonyesha tabibu ni nani astahiliye uchunguzi zaidi, wakati ungalipo, ilhali aghalabu jamaa husema usahaulifu huo ni uzee tu.