Mheshimiwa Gavana, kabla ya kebo tuombee treni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru,

Tangu Nakuru itunukiwe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, msongamano ukizidi hakosekani wa kusema tufunge magari ya kebo, watu wapite juu. Silidharau wazo hilo. La Paz, kule Bolivia, wanayatumia tangu 2014, maana El Alto iko juu kabisa ya genge na barabara za kuteremka zinajipindapinda. Medellín, Colombia, walitangulia mwaka 2004, wakayaunganisha na treni ya mjini: mkazi wa mlimani anashuka kwenye kebo na kuingia treni papo hapo.

Sisi mlima tunao upande mmoja tu, Menengai. Kebo ya huko itabeba watalii wanaokwenda kuchungulia kreta, si mama mboga wa Kaptembwo anayewahi sokoni. Watu wetu wametandaa bondeni, Lanet, Free Area, Pipeline, hadi Njoro. Jioni mvua ikidondoka tu, makanga anatangaza nauli mpya mlangoni pa matatu, na abiria analipa huku akinung'unika kwa sababu gari jingine halipo.

Hata Mombasa, ambako kuna maji ya kuvuka, mradi wa kebo wa Likoni ulitangazwa kwa mbwembwe, na abiria bado anasubiri feri. Hapa kebo tutaingoja hadi lini?

Reli, kwa upande wake, tunayo. Ilifika Nakuru mwaka 1900. Inatoka Naivasha na Gilgil, inapita Lanet, inaingia stesheni iliyo katikati ya jiji, kisha tawi moja linashika njia ya Njoro na Molo, jingine la Rongai. Nairobi walifungua stesheni ya Syokimau mwaka 2012 kwa ajili ya watu wa kwenda kazini na kurudi. Sisi tumekosa nini?

Najua reli ni ya serikali kuu. Katiba ya 2010 imeiachia kaunti barabara zake, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Basi liandikie rasmi Shirika la Reli, liombe treni za asubuhi na jioni kati ya Lanet na Njoro, nawe uahidi steji ya matatu mlangoni pa kila stesheni. Nakala ya barua hiyo ibandikwe katika ofisi za wadi, na jibu likija libandikwe kando yake.

Ni mimi,
Mkazi wa Nakuru