Mwanjelwa wanauza unga, ugonjwa unabaki

Wadau, ukipita Mwanjelwa jioni utamsikia tu. Jamaa ana kipaza sauti na meza ndogo iliyojaa vijipakiti vya unga. "Inafungua mishipa! Inasukuma damu! Inarudisha heshima ya ndoa!" Watu wanacheka, lakini wananunua. Juzi nimemwona kijana wa rika langu akitumbukiza pakiti mfukoni haraka haraka, utadhani kaiba.

Simcheki. Binamu yangu alikuwa mteja wa unga huo mwaka mzima. Siku alipokwenda kupima kwa sababu ya kichwa kuuma, presha ilikutwa 180 kwa 110. Mwaka mzima mwili ulikuwa unamwambia, yeye akidhani tatizo ni la kitandani tu.

Kwa kweli muuzaji hajakosea kila kitu. Jambo lenyewe ni la damu. Mishipa ya ateri inapolegea, damu huingia kwa wingi, na nguvu hupatikana. Kinachoilegeza ni gesi iitwayo nitriki oksaidi, inayotengenezwa na ukuta wa mshipa wenyewe. Wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake. Mwaka huo huo Viagra iliruhusiwa huko Marekani. Nayo mwanzoni ilikuwa ikijaribiwa kutibu maumivu ya kifua yatokanayo na moyo!

Sasa sikilizeni. Presha, kisukari na sigara huharibu ukuta huo wa mshipa. Mishipa ya sehemu za siri ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huko ndiko dalili hutangulia, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Si kila mara, maana hata mawazo na uchovu huchangia. Lakini anayekimbilia unga bila kupima anazima king'ora huku nyumba inaungua.

Hatari nyingine ni kwamba hujui kilichomo. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi dawa ya Viagra imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya kuweka chini ya ulimi akichanganya na hiyo, presha inaweza kushuka ghafla hadi kumuua.

Sipingi tiba asili, na wala simpingi bibi yangu na mizizi yake. Tuna sheria ya tiba asili tangu 2002, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Basi tumuulize mwenye meza: umesajiliwa? Akianza kupiga kelele zaidi badala ya kujibu, ujue jibu umeshapata.

Lakini lawama kubwa naiweka kwetu wanaume. Tunaona aibu kumwambia daktari, ila hatuoni aibu kununua unga mbele ya umati stendi. Kupima presha ni dakika chache. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunaisaidia mishipa kutengeneza gesi ile ile, na Mbeya hii vilima havilipiwi kiingilio.

Binamu sasa anameza dawa za presha kila asubuhi na sigara kaacha. Heshima ya ndoa? Hilo muulizeni shemeji. Mimi ninachojua ni kwamba yuko hai.