Kiinitete Mseto Kisitupwe Kabla ya Ushauri
Mwandishi aliyedai kwamba kila kiinitete mseto, yaani chenye mchanganyiko wa seli zenye kromosomu kamili na zenye kasoro kitupwe amekata kesi mapema. Kipimo cha kromosomu kabla ya kupandikiza huchukua seli chache tu za sehemu itakayokuwa kondo la nyuma, si za mtoto mwenyewe. Mwaka 2015, Greco na wenzake wa Italia waliripoti wanawake 18 waliopandikizwa viinitete vya aina hiyo: watoto 6 walizaliwa wazima. Kweli, uwezekano wa mimba kushika hupungua na wa kuharibika huongezeka. Basi kiinitete chenye kromosomu kamili kitangulie kupandikizwa. Lakini wenzi kutoka mahali kama Sironga waliolipia upandikizaji shilingi laki kadhaa Nairobi wakabakiwa na kiinitete mseto kimoja tu wapewe ushauri wa jenetiki, waamue wenyewe, na mimba ikishika ipimwe.